Tairi Hupimwa Gari Likiwa na Mzigo

Vijana wangu, mkipita hapa Emali kunisalimu nafurahi sana, hata chai nitaagiza. Lakini yule anayeanza na "Mzee, niweke tairi saizi gani?" natamani kumfukuza na spana. Saizi ya kwenda wapi? Hujaniambia unabeba nini, wala kama njia yenu ina mawe, ina mchanga, au ina ule udongo mweusi unaomvua mtu kiatu huku anatembea. Ni sawa na kuingia kwa fundi cherehani, useme "nishonee suruali", halafu ujiendee zako.

Juzijuzi alikuja mpwa wangu mmoja, kijana wa dada yangu Kavinya. Amenunua landrova kuukuu, ameinua springi mpaka mtu mzima akitaka kupanda lazima aletewe kigoda, na sasa anataka matairi mapana, yale yanayochungulia nje ya bati la madigadi kama macho ya chura. Akaniambia, "Mjomba, nataka gari ikisimama, watu wajue imesimama."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha nikamwambia arudi Jumamosi, na aje na mzigo. Akauliza mzigo gani. Nikamwambia wowote, mradi uwe ule atakaobeba kweli. Aliondoka akitikisa kichwa, bila shaka akifikiri mjomba amezeeka. Nimezeeka, sikatai. Ila huo mzigo una habari yake, na kabla sijafika kwenye hiyo Jumamosi nataka niwape nyinyi.

Kwanza niwatoe ujinga mmoja. Mtu akiinua springi anasimama mbali, anatazama gari, anaona limekuwa refu, anafurahi. Sasa lala chini uchungulie. Lile tumbo la ekseli, lile tufe la chuma katikati ya magurudumu, limepanda? Halijapanda hata kidogo. Springi huinua bodi, dirisha, na kiburi cha mwenye gari. Anayeinua tumbo la ekseli ni tairi peke yake, naye huinua nusu tu: ukimwongezea kimo cha vidole vinne, tumbo linapanda viwili. Kwa hivyo usiende kwenye mawe ya Kibwezi na gari lililoinuliwa springi, lina vitairi vidogo, ukidhani umekuwa twiga. Jiwe halitazami dirisha.

Mimi haya sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa na Mzee Salimu, Mwislamu wa Kitui mjini ambaye wazee wake walipanda kutoka pwani zamani wakakaa wakawa wenyeji. Alikuja Emali kwa ajili ya malori ya barabara ya Mombasa, akafungua gereji nyuma ya stesheni ya reli, akaniajiri nikiwa nimeshaoa. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, hata akikutukana unataka kusema asante. Sisi wengine tulikuwa tunakivunjavunja, tunakitia Kikamba, naye hakutucheka. Alichocheka ni kazi mbaya.

Mteja akileta gari atafutiwe matairi, Mzee Salimu hakugusa gari. Aliuliza njia. Kama njia ilikuwa karibu tulienda kuiona, na tukifika aliniamuru nivue viatu.

"Vua."

"Mzee, kuna miiba."

"Basi umeshajua jambo la kwanza. Hapa pana miiba. Tembea ujue la pili."

Nilitembea peku kwenye mchanga wa mito, kwenye matope, kwenye changarawe. Nilijifunza kwamba mchanga mkavu unataka mguu ulale, ukanyage kwa upana, ndiyo maana tukiingia mtoni tunapunguza upepo tairi linenepe kidogo, halafu tukitoka tunajaza kwa pampu ya mkono tukilaani. Matope ya udongo mweusi ni kinyume. Pale mguu mpana unaelea juu na kuteleza kama sabuni, lakini ukisimama kwa kisigino unazama mpaka unagusa pagumu, na ukigusa pagumu unaenda. Tairi jembamba na refu ni kisigino. Tairi pana ni unyayo. Sisi watu wa Ukambani, ambao mito yetu ni mchanga mtupu mpaka mvua ishushe maji, shida yetu ni kwamba mto mmoja una yote mawili, mchanga katikati na udongo ukingoni, na gari haliwezi kubadilisha miguu njiani.

Makosa tuliyaona mengi, na mengine yalitufurahisha. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Sultan Hamud aliyeweka matairi makubwa manne, lakini spea akaacha ile ndogo ya zamani, eti ni ya dharura tu. Dharura ikaja. Alifunga ile ndogo nyuma upande mmoja akasafiri hivyo hadi Kibwezi, gari likichechemea kama mbuzi aliyepigwa jiwe, gurudumu moja likikimbia na jingine likitembea, mpaka gia za ekseli zikaiva. Alipoletwa akivutwa na lori alimwambia Mzee Salimu gari limerogwa. Mzee akamjibu, "Limerogwa, ndiyo. Na mchawi umembeba mwenyewe mgongoni mwa gari." Mwingine alilalamika kwamba tangu aweke matairi makubwa, gari linakwenda polepole kwa saa ya mwendo lakini polisi wanamsimamisha kwa kukimbia. Tairi kubwa linamaliza njia nyingi kwa mzunguko mmoja, na ile saa haijui kwamba umebadilisha kiatu. Na breki, wanangu, breki ni zilezile. Gurudumu likiwa zito, mlima nao unataka gia ya chini mapema. Hayo muuzaji hakuambii.

Sasa niwapeleke mtoni.

Dada yangu Kavinya aliolewa ng'ambo ya Mto Thwake. Upande wetu kulikuwa na zahanati ya kanisa, na landrova ndefu iliyoendeshwa na muuguzi mwenyewe, Sista Rebeka, mwanamke mfupi aliyekalia mto wa kitanda ili aone mbele. Ng'ambo hakukuwa na kitu. Kina mama wa ng'ambo wakishikwa na uchungu walimtegemea Sista avuke. Kuteremka mtoni upande wetu njia ilikatwa kwenye ukingo mrefu wa udongo mweusi, na katikati ya mteremko kulikuwa na kona kali, kulia jabali, kushoto korongo. Ilikuwa lazima ukate usukani mpaka mwisho. Kurudi nyuma ujipange upya haikuwezekana wakati wa mvua, kwa sababu udongo ule ukilowa gari linateleza kuelekea korongoni.

Mwaka mmoja, mvua za vuli, Kavinya alikuwa na mimba ya kwanza. Ile landrova ilikuwa imeinuliwa springi na fundi mmoja huko mjini, lakini ikaachiwa tairi zake ndogo. Sista alipokwenda kumchukua, gari lilizama chini ya ukingo, tumbo la ekseli likakaa juu ya matope, magurudumu yakazunguka hewani. Mume wa Kavinya na majirani walimvusha kwa kitanda, wakafika wakakuta gari limekaa vile. Sista alimsaidia palepale chini ya turubai. Dada yangu alipona. Mtoto hakupona.

Sitaki kusema mengi juu ya siku hiyo. Nilikwenda kuwaona, Kavinya akanipikia, akaniuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja kwa jina.

Mwaka uliofuata akashika mimba tena, na hesabu ya miezi ilionyesha kwamba siku zake zitaangukia mvua tena. Ndipo mwenyekiti wa kamati ya zahanati, Mzee Kilonzo, akasema jambo lile halitarudi. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye duka, mtu mwenye moyo. Alikwenda Nairobi kwa gari la moshi akarudi na matairi manne ya kijeshi yaliyotumika kidogo, pamoja na rimu zake, mapana ya inchi tisa, meno makubwa kama ya jembe. Aliyanunua kwa mfuko wake mwenyewe. Jumapili yaliwekwa mbele ya kanisa yakaombewa. Watu wakapiga makofi, na Mzee Kilonzo akavua kofia kwa aibu ya furaha.

Jumatatu yakaletwa gereji pamoja na ile landrova. Mzee Salimu aliyazunguka. Alipima kwa kamba, akachungulia chini ya madigadi, akakuna shingo.

"Muli," akaniambia tulipobaki wawili, "haya ni matairi mazuri sana. Na hayafai."

"Tutamwambiaje mwenyekiti?"

"Mimi simwambii. Mtu amekupa shati mbele ya watu, humwambii mbele ya watu kwamba halikutoshi. Twende mtoni. Shati lenyewe litasema."

Nyuma ya gereji tulikuwa na matairi mengine, ya inchi saba na nusu, yaliyotoka kwenye gari la kampuni ya katani. Membamba, marefu, meno ya kina. Yalionekana kama miguu ya yule ndege korongo. Mzee Salimu akaniambia niyapakie kwenye lori la gereji pia, niyafunike na gunia.

Siku hiyo akina mama wa mwethya walikuwa ukingoni wakitengeneza njia. Kwa msiojua, mwethya ni ule umoja wetu wa kufanya kazi pamoja, leo shamba la huyu, kesho bwawa la kijiji, kwa majembe na nyimbo. Walikuwa wa pande zote mbili za mto, na kiongozi wao alikuwa Mwaitu Nduku, yaani Mama Nduku, mwenye sauti ya kuamsha punda. Kavinya naye alikuwapo, ameketi juu ya jiwe, tumbo limeanza kuonekana, amekatazwa kushika jembe.

Tukafunga matairi mapana. Gari likasimama kama fahali. Mzee Kilonzo, aliyekuja na suti yake ya Jumapili, akatabasamu. Sista Rebeka akapanda, akateremka ile kona bila mtu ndani, akapanda tena bila shida. Watu wakashangilia.

"Si unaona?" Mzee Kilonzo akasema.

"Naona, mwenyekiti," akajibu Mzee Salimu. "Lakini Sista haji huku kuchukua upepo. Atabeba watu. Tupime na watu."

Akamgeukia Mwaitu Nduku akaomba mzigo. Weee! Wale akina mama waliingia mle ndani kwa vicheko na majembe yao, wengine mapajani kwa wengine, wengine wakining'inia nyuma, springi zikalia, gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Mimi nikachukua chaki nikapaka matairi ya mbele ubavuni, ndani na nje, mpaka yakawa meupe. Hiyo ni mbinu ya Mzee Salimu nami nawaachia. Palipofutika chaki, ndipo palipogusa.

Sista akateremka. Alipofika kwenye kona akakata usukani mpaka mwisho, na hapo tukasikia. Kwanza kama mtu anayeparua sufuria, kisha mlio mrefu wa mpira, kisha harufu. Gari likasimama katikati ya kona. Nyimbo zikakatika.

Nilichuchumaa nikatazama. Nje, madigadi ilikuwa imekula tairi. Ndani, tairi lilikuwa limeegemea springi yenyewe.

"Si mkate hiyo madigadi?" Mzee Kilonzo akaniuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Madigadi naweza kukata, mwenyekiti. Springi nitaikata?"

"Ama muzuie usukani isifike huko mwisho?"

"Kuna bolti ya kuzuia. Nikiirefusha tairi haitagusa. Lakini gari haitamaliza kona hii bila kurudi nyuma."

Sote tukatazama korongo. Hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi.

Kavinya aliteremka kutoka kwenye jiwe lake. Alipita katikati ya watu, akaweka mkono juu ya lile tairi, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Muli, ni hii itakuja?"

Mbele ya mwenyekiti, mbele ya lile tairi lililoombewa, ningesema nini? Nilimtazama Mzee Salimu, naye akatazama mchanga. Katika maisha yangu ya gereji nimepigwa na jeki, nimechomwa na rejeta, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia kusimama pale kimya na dada yangu akisubiri.

Aliyetuokoa ni Mwaitu Nduku. Alishuka garini, akalizunguka tairi, akalipiga teke, akalipima upana kwa shubiri, akageuka kutazama mchanga wa mto.

"Mwenyekiti," akasema, "hii tairi ni kubwa kwa hii gari. Gari haina nguvu ya kubeba zawadi yako. Unajua nani ana nguvu? Ng'ombe."

Watu wakatazamana.

"Sisi tunachimba maji hapa kwa mchanga na kubeba na mgongo kila siku," akaendelea. "Mkokoteni yetu ina matairi madogo ya gari ya zamani, inazama hapa katikati mpaka tunaivuta na matumbo. Hii haitazama. Wewe ulinunua ndio sisi tusaidike ng'ambo, si ndio? Sasa tupatie. Tutaweka drami mbili mbili za maji, na kila mtu akinywa maji atasema ni ya Mzee Kilonzo. Huko kwa gari nani angekuona?"

Mzee Kilonzo akaanza kucheka, akacheka mpaka suti ikatikisika. "Nyinyi wamama," akasema, "mmeninyang'anya tairi nikiwa nimesimama hapa!"

"Umetupatia," akamsahihisha Mwaitu Nduku.

"Haya, nimewapatia. Na Sista atavaa nini? Ataenda peku?"

Mzee Salimu akanipa ishara, nami nikaenda nikatoa gunia. Walipoyaona yale matairi membamba walicheka tena, ati ni ya baiskeli. Tulifunga, tukapaka chaki, wakapanda tena wote. Sista akateremka kona, akakata usukani mpaka mwisho, akapanda, akateremka tena. Tulisikia injini na nyimbo, basi. Nilipotazama, chaki ilikuwa nyeupe vilevile. Na kwa sababu lile jembamba lilikuwa refu kuliko yale madogo ya mwanzo, tumbo la ekseli nalo lilikuwa limepanda.

Nilimwendea dada yangu. "Ni hii," nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye jiwe lake.

Mkokoteni tuliutengeneza gereji kwa ekseli ya gari lililokufa. Ulikuwa mkokoteni wa ajabu, miguu ya jeshi na ng'ombe wawili wa kijijini, na ukipita mchangani ulipita juu juu kama haujabeba kitu. Migongo ya akina mama ikapumzika. Kweli watu walianza kuyaita maji yale maji ya Kilonzo.

Mvua zikaja. Alasiri moja nilikuwa zahanati kukaza nati za magurudumu. Sikilizeni hapa: ukibadilisha rimu, nati zikazwe tena baada ya safari za kwanza, na asiyekaza atakuja kuona gurudumu lake likimpita barabarani. Nilikuwa na spana mkononi kijana akaja mbio kutoka mtoni, Kavinya ameshikwa na uchungu, mapema kuliko tulivyotazamia, na mawingu yamefunga huko juu Mbooni mto unakoanzia. Mto ulikuwa haujateremka bado, lakini ungeteremka. Sista akachukua begi lake. Mimi nikapanda pamoja naye nikiwa bado nimeshika spana.

Tulipofika ukingoni mvua ilikuwa imeshailowesha ile kona. Sista aliteremka taratibu kwa gia ya kwanza, matairi yakichimba, na tukaona mchangani kitu kinakuja. Ulikuwa mkokoteni. Mwaitu Nduku alikuwa mbele ameshika kamba ya ng'ombe, akina mama ubavuni wanasukuma, na juu, ndani ya blanketi, dada yangu. Hawakungoja tuvuke. Waliliona lile wingu la Mbooni, wakajua mchanga wao wameuweza. Magurudumu ya Mzee Kilonzo yalipita katikati ya Thwake bila kuzama.

Lakini kufika kwenye udongo wa ukingo, ng'ombe wakapiga magoti. Kwato zikateleza. Tairi pana likaelea likarudi nyuma, kama Mzee Salimu alivyonifundisha kwa unyayo wangu mwenyewe. Tulimbeba Kavinya tukamlaza nyuma ya landrova, Mwaitu Nduku na wawili wengine wakaingia kumshika. Sista akamtazama mara moja tu, akanitupia ufunguo.

"Muli, endesha. Mimi siwezi kutoka hapa nyuma."

Vijana, nimeendesha magari mengi. Sijawahi kuogopa gari ila siku hiyo. Nyuma yangu dada yangu alikuwa analia kwa jina la mama yetu, huku mbele ile kona, na korongo sasa likiwa upande wangu. Niliingia gia ya chini. Matairi yakazama kwenye matope, yakazama zaidi, halafu nikayahisi, kwa makalio yangu, yakigusa pagumu. Gari likapanda. Kwenye kona nikakata usukani mpaka mwisho, mzigo wote ukalala upande mmoja, na nikatega sikio. Nilikuwa nangojea ule mlio wa mpira. Niliusikiliza kwa mwili mzima, nikisema moyoni usilie, usilie, Mungu wangu usilie.

Tairi halikulia. Tulikuwa bado hatujanyooka pale kwenye kona nikasikia mtoto.

Mwaitu Nduku alipiga vigelegele ndani ya bati lile mpaka masikio yakaziba. Nilisimamisha gari juu ya ukingo, nikashuka, nikaegemea madigadi nikalia kama mtoto mwenyewe. Nyuma yetu mto ukateremka ukiwa na rangi ya chai, ukafunika alama za mkokoteni. Ng'ombe walikuwa wameshafunguliwa na kupandishwa.

Kwetu mtoto akizaliwa safarini huitwa Kyalo, yaani safari. Hakuna aliyetafuta jina jingine. Mzee Kilonzo alitaka pia aitwe Kilonzo, na Mwaitu Nduku akamwambia aridhike na maji.

Wazee hao wote wamekwenda sasa. Mzee Salimu alirudi Kitui kuzeeka, akazikwa huko, na nikienda Kitui napita kumwombea kwa namna yangu ya kanisa, naye nadhani anapokea. Kule mtoni kumejengwa daraja dogo, magari yanapita bila hata kupunguza mwendo, na nikipita mimi husikitika, sijui kwa nini. Daraja ni jambo jema. Labda namkumbuka tu mzee aliyeniambia nivue viatu.

Jumamosi ikafika. Mpwa wangu Kyalo, maana ndiye huyo mwenye landrova, akaja. Alikuwa ameazima matairi mapana kwa rafiki yake akayafunga ili tu nikubali nikiona. Na mzigo aliouleta ulikuwa magunia mawili ya mahindi na mama yake. Alisema mama ndiye aliyeng'ang'ania kuja. Kyalo alizaliwa njiani, hilo anajua, jina lake linasema. Habari ya kona na matairi hakuna aliyewahi kumketisha amwambie, mimi nilidhani mama yake amemwambia na mama yake alidhani mimi.

Tulimletea Kavinya kigoda akapanda nyuma, akaketi kati ya magunia, mikono mapajani. Nywele zake ni nyeupe sasa. Nilichukua chaki nikapaka ubavu wa matairi, magoti yakilia. Kyalo akawasha gari.

"Kata mpaka mwisho," nikamwambia. "Polepole."

Akakata. Tairi likaparua madigadi, kisha likatoa ule mlio mrefu wa mpira, na harufu yake ikaja. Kyalo akageuka kunitazama, tayari na neno la kujitetea, ati itakatwa kidogo hapa, itapigwa nyundo kidogo pale.

Mama yake akamgusa bega kutoka nyuma.

"Toa hizo, Kyalo," akamwambia. "Ile siku yako, haikulia hivi."